Cherehani Inaruka: Uhakiki wa Lugha ya Jedwali la Hitilafu

Katika uhakiki huu tunakusudia kuchunguza aina ya maandishi ambayo kwa kawaida haipati nafasi katika kurasa hizi, nayo ni jedwali la hitilafu linalowekwa mwishoni mwa kijitabu cha maelezo ya cherehani ya kielektroniki ya nyumbani. Tunacho mbele yetu kijitabu kimoja cha namna hiyo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Jina la kiwanda hatulitaji, kwa kuwa kasoro tulizoziona humo si zake peke yake. Atakayefungua kijitabu cha pasi, cha jokofu au cha mashine ya kufulia atakuta jamaa zake. Jedwali lenyewe ni kurasa mbili tu. Lina safu tatu: ya kwanza yaeleza tatizo, ya pili sababu, ya tatu la kufanya. Kurasa hizo husomwa na mtu mwenye haraka, aliyekwisha kukata kitambaa cha watu, na ambaye mteja wake anaingoja nguo. Akielewa, atashona usiku huo huo. Asipoelewa, atalipa nauli na ujira wa fundi kwa jambo ambalo angelimaliza kwa kupitisha uzi upya, au atafungua kwa bisibisi mahali ambapo hapakustahili kufunguliwa.

Ugumu wa tafsiri ya namna hii haupo pale ambapo wengi hudhani upo. Mfasiri hujiandaa kupambana na maneno ya elektroniki. Hutafuta kamusi, huuliza wataalamu, na kwa kweli huko kijitabu hiki kimefanya vizuri. Kinasema mota, sakiti, kihisi na skrini, na hatudhani kwamba msomaji atapotea. Kimeteleza kwenye maneno mepesi ambayo hakuna anayeyatafutia kamusi: mguu, kifungo, mshono, kukata, kuzima.

Tuanze na mguu. Kile kipande cha chuma kinachoshuka juu ya kitambaa na kukibana dhidi ya meno, Waingereza hukiita kwa jina la mguu, na mfasiri amelichukua kama lilivyo. Basi jedwali lamwamuru mshonaji ainue mguu kabla ya kupitisha uzi, na mahali pengine lamwamuru ashushe mguu kabla ya kuanza. Lakini cherehani hii ina kikanyagio sakafuni, na juu ya kikanyagio hicho umo mguu wa kweli, wa nyama na mfupa. Msomaji anayeambiwa ashushe mguu huku vidole vyake viko karibu na sindano, na swichi imewashwa, anaweza kukanyaga. Sindano haitamngoja atafakari maana.

Sisi twapendekeza kigandamizo. Wapo watakaosema kwamba kugandamiza, pamoja na ndugu yake kukandamiza, ni kitenzi kilichokwisha kuchukuliwa na siasa, na kwamba neno hili litanukia ukoloni. Hoja hiyo haitutishi, kwani kitenzi hicho kilikuwa na kazi ya mikono kabla ya kupewa kazi ya majukwaani. Tulifikiria pia kibanio, lakini kibanio kimekwisha kuwa cha nywele na cha nguo kambani. Kipande cha kukiinulia na kukishushia kiitwe wenzo wa kigandamizo, na mguu uachiwe mwenyewe.

Kifungo nacho kina matata yake. Cherehani za kielektroniki zina uwezo wa kushona matundu ya vifungo vya shati zenyewe, na wakati huo huo zimejaa vitufe vya kubonyeza. Mfasiri ameviita vyote vifungo. Matokeo yake ni kwamba katika safu ya tatu msomaji aambiwa abonyeze kifungo, na mstari wa chini yake aambiwa ashushe wenzo wa kifungo. Ule wa kwanza ni kitufe cha kuanzia. Ule wa pili ni wenzo mwembamba ulio nyuma ya sindano, ambao lazima ushushwe wakati wa kushona tundu la kifungo, ama sivyo cherehani italia na kukataa kwenda. Lugha yetu imekwisha kutenga kitufe na kifungo, na wanafunzi wa shule za msingi wanajua tofauti hiyo. Katika kijitabu cha ushonaji, kuliko katika kijitabu cha chombo chochote kingine, tofauti hiyo haikupaswa kuachwa. Yafaa pia kueleza hapo hapo kwamba katika cherehani nyingi za namna hii kitufe cha kuanzia hakifanyi kazi maadamu kikanyagio kimechomekwa. Wengi wamedhani kitufe kimeharibika kwa sababu hawakuambiwa neno hilo moja.

Mshono ni neno kongwe na pana. Ni mahali vipande viwili vya nguo vilipoungana. Ni mtindo wa gauni. Ni kazi nzima ya mshonaji. Kijitabu kinalitumia pia kwa ule uzi mfupi unaolala kati ya tundu moja la sindano na tundu la pili. Hivyo kinaposema kwamba urefu wa mshono uwekwe 2.5, msomaji ana haki ya kuuliza kama ni sentimita 2.5 za nini. Kinachokusudiwa ni milimita 2.5 kutoka tundu hadi tundu. Tunaona kwamba ngeli ya KI-VI, ambayo tangu zamani hubeba udogo, yatosha kututoa katika shida hii bila ya kukopa popote: kishono kimoja, vishono viwili, na mshono ni safu ya vishono. Kwa hiyo urefu wa kishono ni milimita 2.5, na urefu wa mshono ni kadiri ya nguo.

Hapa hatuna budi kutoka kidogo nje ya jedwali ili tueleze kwa nini tunayapa maneno ya karakana uzito kuliko maneno ya mezani. Elias Howe wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1846, cherehani yake ilikuwa na sindano yenye tundu karibu na ncha, na uzi wa pili chini ya kitambaa. Isaac Singer alifuata na hataza yake mwaka 1851. Mwaka 1975 kampuni yenye jina la Singer ilitoa cherehani ya nyumbani ya kielektroniki iitwayo Athena 2000, na tangu hapo sakiti zimechukua kazi ya kuchagua aina ya kishono na kuendesha mota kwa kipimo. Lakini kishono chenyewe hakikubadilika. Sindano hushuka na uzi wake hadi chini kabisa. Inapoanza kupanda, uzi hulegea nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano inayozunguka hukidaka kitanzi hicho, hukizungusha kuipita bobini, na nyuzi mbili hufungana ndani ya kitambaa. Fundi wa cherehani ya kukanyaga aliyekaa barazani mwa duka miaka 40 anayajua haya yote, na ana maneno yake. Kuingia kwa elektroniki hakukumfanya kuwa mjinga. Hata jina cherehani, ambalo wanaisimu wamelihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, limehama na chombo kutoka gurudumu la mkono hadi skrini, na hakuna aliyelalamika.

Fundi huyo husema: cherehani inaruka. Neno moja, na kila mshonaji ameelewa kwamba sindano imeshuka na kupanda bila ya kuacha kishono. Kijitabu, kwa kukwepa kile kilichoonekana kuwa lugha ya mtaani, kimeandika habari ndefu ya kutokuwepo kwa baadhi ya mishono. Tunasema bila ya kusita kwamba tafsiri hiyo ni mbaya, ijapokuwa kila neno lake ni sanifu. Kuruka si neno la mtaani. Ni istilahi iliyokomaa, na ina sifa ambayo istilahi nyingi za kubuni hazina, yaani yaonyesha kilichotokea. Ndoano imekosa kitanzi, sindano imepita. Kutoka hapo sababu hufuata zenyewe: sindano imepinda, au butu, au haikusukumwa hadi juu, au imegeuzwa upande, au si aina ifaayo kwa kitambaa kinachovutika, ambacho hutaka sindano yenye ncha ya mviringo.

Kuhusu kugeuzwa upande, jedwali lasema kwamba sindano haikufungwa ipasavyo. Neno hili ipasavyo, pamoja na wenzake vizuri, sawasawa na kwa usahihi, limetokea katika safu ya sababu karibu kila mstari. Tunawaomba watumishi wa serikali watuwie radhi, maana tunafahamu lilikozoeleka. Katika barua ya ofisini, kumwambia mtu atekeleze jambo ipasavyo huenda kukatosha, kwa kuwa anayo miongozo mingine ya kumwonyesha lipasalo. Katika jedwali la hitilafu lenyewe ndilo mwongozo. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina shina lenye upande mmoja bapa. Katika cherehani nyingi za kielektroniki upande huo bapa huelekea nyuma, na uzi huingia tunduni kutoka mbele. Aliyezoea cherehani za kale, ambazo nyingi uzi wake huingia kutoka ubavuni, atafunga sindano kama mkono wake ulivyozoea, naye kwa maoni yake ameifunga ipasavyo kabisa. Sentensi moja, kwamba upande bapa uelekee nyuma, ingeondoa shida yote.

Mfano ulio mzito zaidi wa utupu huu ni uzi kujikusanya chini ya kitambaa. Mshonaji anaona fundo la uzi chini, na kwa kuwa lipo chini, anailaumu bobini. Anatoa kasha la bobini, anaona kiskurubu kidogo, anakikaza. Sasa ana hitilafu mbili. Ukweli ni kwamba mara nyingi fundo la chini hutokana na uzi wa juu. Uzi huo hupaswa kupita katikati ya visahani viwili vinavyoubana. Visahani hivyo huachana kigandamizo kikiwa juu, na hubanana kikiwa chini. Aliyepitisha uzi huku kigandamizo kimeshushwa, uzi wake umeelea nje ya visahani, haukubanwa na chochote, na ndoano inauvuta upendavyo. Jedwali limeandika tu kwamba uzi wa juu haukupitishwa vizuri. Msomaji ataangalia, ataona uzi umepita kwenye kila kishikizo kilichochorwa, ataamini kwamba umepita vizuri, naye atarudi kwenye kiskurubu chake. Ilipasa iandikwe: inua kigandamizo, toa uzi wa juu wote, upitishe upya, ndipo ushushe kigandamizo.

Kubanwa huku kwa uzi kijitabu kinakuita mvutano. Hatulikatai neno hilo katika mahali pake, lakini msomaji wa magazeti amezoea kulikuta baina ya mataifa na baina ya vyama. Karakanani hakuna anayevutana. Uzi hukazwa au hulegezwa. Basi jina na litokane na kitenzi kilichopo, nalo ni mkazo. Ni kweli kwamba walimu wa lugha wanalo mkazo lao la silabi. Hatuoni jinsi mtu atakavyozichanganya hizo mbili akiwa ameshika sindano. Jaribio la mkazo ni rahisi, na linastahili kuingizwa katika jedwali: tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone kipande cha kitambaa. Weupe ukijitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea. Wekundu ukijitokeza chini, ni kinyume chake.

Tumefika kwenye kukata. Mafundi hulalamika kwamba cherehani inakata uzi. Kijitabu, kwa sehemu moja, kimesema uzi umekatwa, na kwa sehemu nyingine uzi umekatika, kana kwamba maumbo hayo ni pacha. Katika cherehani ya kukanyaga pengine tungeyaachia. Katika hii ya kielektroniki hayaachiki, kwa sababu ina kisu chake kidogo ambacho hukata nyuzi mwishoni mwa mshono kitufe kinapobonyezwa. Kwa hiyo uzi uliokatwa ni kazi iliyokamilika. Uzi uliokatika ni hitilafu. Kauli ya kutendeka ni mali kubwa ya lugha yetu katika maandishi ya namna hii, maana hueleza hali pasipo kumtia mtu wala chombo hatiani kabla ya uchunguzi. Uzi unakatika, kwa nini, tutajua tukiangalia. Huenda mkazo umezidi, huenda ncha ya sindano ina kigugumizi, huenda uzi wenyewe ni mkuukuu. Anayeanza kwa kusema kwamba cherehani inakata uzi amekwisha kutoa hukumu. Mfasiri aliye makini angeitumia kauli hii katika safu yote ya kwanza: uzi unakatika, kitambaa hakisogei, sindano inavunjika, mshono unakunjamana. Katika kijitabu chetu mistari hiyo imegeuzwa kuwa majina marefu, kukatika kwa, kutosogea kwa, kuvunjika kwa, na jedwali likawa kama yaliyomo ya ripoti.

Hali kadhalika kwa cherehani isiyofanya kazi. Kutofanya kazi ni maneno yasiyosaidia, kwani watu wa kawaida tayari wanatofautisha vizuri zaidi. Cherehani isiyowaka haikupata umeme: plagi, swichi, waya, fyuzi. Cherehani inayowaka lakini haiendi imepata umeme na inazuiliwa na kitu: kigandamizo kiko juu, au kijiti cha kujazia bobini kimesukumwa pembeni na hakikurudishwa, au wenzo wa tundu la kifungo haukushushwa. Kwa maneno mawili, haiwaki na haiendi, uchunguzi umegawanyika nusu kwa nusu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tuandike. Skrini ya cherehani hii huonyesha alama ya herufi na namba kila inapokataa kwenda, na kila kiwanda kina orodha yake ya alama hizo. Kijitabu kimeziita zote makosa. Lakini zikichunguzwa, alama hizo ni za aina tatu zisizofanana hata kidogo. Ipo alama isemayo kwamba cherehani inangoja: kigandamizo hakikushushwa. Hili si kosa la mtu wala la chombo, ni onyo. Ipo alama isemayo kwamba mota imezuiwa, mathalani kwa uzi uliotatizana kwenye ndoano, na cherehani imejisimamisha ili isiungue. Hapo pana hitilafu, lakini kusimama kwenyewe ni kinga, na dawa yake ni kuzima, kuchomoa plagi, kutoa uzi ulionasa na kusubiri kidogo. Ipo na alama ya tatu isemayo kwamba sehemu ya ndani, kihisi au sakiti, haijibu. Huo ni ubovu, na wa kuutengeneza ni fundi mwenye vipimo.

Msomaji aliyeambiwa kosa mara tatu atafanya moja ya mambo mawili. Atajilaumu, afiche, na aiache cherehani chini ya meza, au ataamini kwamba yote ni madogo na ataendelea kubonyeza hadi sakiti iishe. Kiswahili hakikosi maneno hapa. Yapo, na yana mipaka inayofahamika. Kosa ni la mwenye akili, hivyo ni la mtumiaji. Kasoro ni upungufu uliotoka nao kiwandani. Hitilafu ni jambo lililozuka katika utendaji, nalo kila mtu amelizoea katika matangazo ya umeme. Ubovu ni hali ya sehemu kuharibika. Onyo ni onyo. Tunashauri maneno haya matano yasibadilishane nafasi katika kijitabu chochote cha chombo cha umeme, hata kama lugha ya chanzo imetumia neno moja tu. Maafisa wa Maendeleo ya Jamii wanaokabidhi cherehani kwa vikundi vya akina mama wataona faida yake mapema, kwa sababu ndio wanaoulizwa chombo kinapogoma.

Kuzima kumetajwa, na pana hatari ndani yake. Kabla ya kubadili sindano au kusafisha ndoano jedwali laagiza kuzima umeme. Mwingine atatoka kwenda kuzima swichi kuu ya nyumba. Mwingine atazima taa ya chumba. Wengi watazima swichi ya cherehani na kuuacha waya ukutani. Maagizo ya asili huwa mawili, zima swichi na chomoa plagi, nayo yasipunguzwe kuwa moja kwa ajili ya kufupisha safu. Aidha, cherehani nyingi zilizotumika huja kwetu kutoka nchi ambazo umeme wake ni wa volti 100, kama Japani, au 120, kama Marekani, ilhali wetu ni wa volti 230. Kijitabu kimeandika kwamba mashine itumiwe kwa umeme unaofaa. Ni ipasavyo yule yule, amevaa kanzu nyingine. Iandikwe namba.

Juu ya mafuta tutasema machache. Fundi wa zamani, cherehani ikimsumbua, kwanza huitia mafuta. Cherehani nyingi za kielektroniki hazitaki mtumiaji atie mafuta popote. Zinataka vumbi la nyuzi liondolewe kwa brashi kwenye meno na kwenye makazi ya ndoano. Mfasiri ameandika huduma ya kawaida, na msomaji atachukua chupa.

Limebaki neno ambalo hatukulipatia ufumbuzi. Ncha ya ndoano hupaswa kufika kwenye sindano wakati ule ule sindano inapoanza kupanda na kitanzi kimefunguka. Ikiwahi au ikichelewa, cherehani itaruka hata kwa sindano mpya. Mafundi wa magari wanalo neno taimingi kwa jambo la jamii hiyo, na baadhi ya mafundi wa cherehani wameliazima. Kijitabu kimeandika muda wa ndoano, ambao haumwambii mtu chochote. Sisi tuna majira ya ndoano na ulinganifu wa ndoano, na hatujaridhika na lolote kati ya hayo mawili: la kwanza lavuta fikra kwenye mvua, la pili halitaji wakati. Walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri walio karibu na karakana watutumie neno wanalolisikia huko, pamoja na sentensi ambamo limesemwa. Hadi hapo safu ya tatu ya mstari huo na iandikwe kwa ufupi: mpelekee fundi, usifungue.